Usiniulize chapa kabla hujaniambia tairi lilikufa kwa nini

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko Himbi, hapa Goma. Nina Hiace inayobeba abiria kati ya Birere na Ndosho, bwana yangu ana Prado anayoendea Bukavu karibu kila mwezi, na mtoto wa dada yangu anaendesha moto, yaani pikipiki, ya TVS niliyomnunulia. Mwaka jana Prado niliivalisha Bridgestone za okazyo, zilizokwisha kutumika, hazikumaliza miezi minane. Hiace niliiwekea matairi mapya ya bei ndogo, mawili yamepasuka mbavu. Kijana wa moto ndiye hanisumbui, anaapia matairi ya Muhindi. Kila mtu ananipa jina lake: huyu Michelin, huyu Bridgestone, mwingine anasema siku hizi yote yanatoka China. Nitajie chapa moja inayodumu nifunge kwa vyote. Tena, mlangoni nyuma ya Prado kuna spea ambayo haijawahi kugusa barabara, imeandikwa 1811. Je, ni nzima? Picha zote nimekutumia.

JIBU: Mama, chapa moja ya kufunga kwa vyombo vyako vyote vitatu haipo, na atakayekutajia moja bila kuuliza gari linapita wapi, ujue ana stoku yake anataka kuimaliza. Picha zako nimezikuza mpaka herufi zikasomeka. Katika matairi yote uliyonionyesha, hakuna hata moja lililokufa kwa ajili ya jina lililoandikwa ubavuni. Yaliuawa na vitu vingine, kila moja na muuaji wake.

Kazi hii nimeianza kama kijana wa kwado, mziba matairi, pale Birere, nikijaza upepo kwa pampu ya mguu, halafu nikaingia gereji ya kampuni moja ya uchukuzi. Pale gereji nilikuwa na daftari la shule. Kila tairi lililovuliwa niliandika: liliingia lini, limekwenda kilomita ngapi, limekufa kwa nini. Bosi alitaka daftari limwambie chapa gani anunue. Daftari likajaa, na safu ya mwisho ndiyo iliyonifundisha mimi na kumuudhi yeye: jiwe, jiwe, upepo kidogo, mzigo, jiwe, uzee, jiwe. Neno «limeisha», maana yake tairi limekula mpira wake wote mpaka alama ya mwisho, lilikuwa adimu. Na ukisikiliza ubishi wote wa chapa, watu wanabishania hilo neno moja adimu.

Ndiyo Goma yetu. Mahali pengine tairi huisha kama sabuni, polepole, juu ya lami. Sisi tunaendesha juu ya mlima uliomwagika. Nyiragongo ilimwaga 1977, ikamwaga tena Januari 2002 mpaka ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani, na Mei 2021 ikaja kusimama Buhene. Jiwe lake lina matundu, na likivunjika linaacha ncha kama za chupa. Bulvari haina shida. Shida ni pale unapokata kona kuingia ndani ya Majengo, Katoyi au Ndosho kwenyewe. Uso wa tairi, yaani sehemu yenye meno inayokanyaga chini, ni mnene na una mikanda ya chuma chini ya mpira. Ubavu wa tairi la gari dogo hauna mikanda hiyo. Ni mpira na nyuzi tu, na jiwe la Goma linaujua huo ubavu vizuri.

Tuanze na Prado, maana hapo Bridgestone imesingiziwa. Angalia picha yako ya tatu. Chini ya jina Bridgestone pameandikwa BLIZZAK, na pembeni kidogo STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji, Mama. Wajapani wanaoishi kwenye baridi huwa na seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya majira ya barafu, na magari wanayotuuzia huja yamevaa yoyote ile. Mpira wa Blizzak umepikwa ili ubaki laini hata kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 7 hivi, ambapo mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu. Meno yake yamekatwakatwa vistari vyembamba ili yashike barafu. Ulete mpira huo hapa, ambapo hata asubuhi ya mvua haifiki baridi hiyo, uupitishe juu ya lava: ni kama kusugua jiwe kwa mkate. Vile vistari vinameguka kimoja kimoja. Hiyo miezi minane ulipata bahati.

Kwa hiyo unaponunua okazyo, soma ubavu kabla hujauliza bei. Kwa matairi ya Japani tafuta maneno STUDLESS, Blizzak, iceGUARD au Winter. Kwa yale ya Ulaya tafuta Alpin ya Michelin, WinterContact ya Continental, au neno lolote lenye «winter» ndani yake. Ukiyaona, rudisha mkono. Kuna pia kialama cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, lakini hicho kisikudanganye peke yake. Baadhi ya matairi magumu ya porini, kama BFGoodrich All-Terrain KO2, nayo yanacho kwa sababu yalifaulu mtihani wa theluji, ila mpira wake si ule laini. Na herufi M+S, ambazo wauzaji wetu wanapenda kuzionyesha kwa kidole kama cheti, maana yake ni matope na theluji tu, na kila tairi la jeep karibu linazo.

Sasa Prado avalishwe nini? Inategemea bwana yako anafikaje Bukavu. Akipita upande wa Rwanda, Rubavu mpaka Rusizi, ni lami na kona nyingi. Hapo tairi la barabara, lile linaloandikwa H/T, linamtosha, na ndipo Michelin, Continental na Bridgestone zinaporudisha pesa yako: zinaenda mbali, na zinashika breki kwenye lami iliyolowa. Kwa mvua zetu na zile kona juu ya ziwa, hilo la breki mimi naliweka mbele ya kilomita. Lakini akipitia Sake, Minova na Kalehe, mtafutie A/T, tairi la njia zote. Kwa ubavu mgumu naiweka BFGoodrich mbele. Kampuni hiyo ni ya Michelin tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na matairi yake ya A/T yana mbavu nene nilizoziona zikikwaruzwa na jiwe zikaendelea na safari. Ubaya wake: ni mazito, ni ghali, na kwenye lami lowevu hayanivutii sana. Yokohama Geolandar A/T, Toyo Open Country A/T na General Grabber AT3 ni ya ngazi hiyohiyo kwa mtu anayechanganya lami na mawe, na Geolandar kwa masikio yangu ndiyo yenye kelele kidogo. Ningekuwa mimi na njia ya Minova, ningechukua lolote kati ya hayo manne ambalo ni jipya zaidi kwa tarehe.

Yale yenye meno makubwa kama ya trekta, M/T, mwachie kijana anayetaka kupigwa picha. Yanaunguruma, kwenye lami huisha upesi, na breki zake wakati wa mvua zitamtoa bwana yako jasho.

Jambo moja dogo hapa lina uzito. Saizi ya Prado yako ni 265/65R17, na saizi hiyo inauzwa kwa namna mbili. Lisilo na herufi mbele, lenye 112 mwishoni, na lililoandikwa LT mbele, lenye 120/117. LT ni la magari ya mzigo mwepesi: kitambaa chake cha ndani ni kizito zaidi na ubavu unavumilia zaidi. Ila linataka upepo zaidi ili libebe uzito uleule, na gari litakuwa gumu kidogo kwa mgongo. Ukivaa LT ukaacha upepo wa zamani, umelipa pesa nyingi ili kulichemsha tairi zuri.

Hizo namba za mwisho, Mama, ndizo zilizoua moja kati ya yale matairi mawili ya Hiace yako.

Katika picha nimesoma 205/70R15 96T. Watu husoma 205/70R15, wanaona inaingia kwenye janti, ile duara ya chuma, basi. Ile 96 hakuna anayeitazama. Ni namba ya mzigo: 96 maana yake tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 710. Saizi hiyohiyo kabisa inapatikana ikiwa na herufi C mwishoni, 205/70R15C 106/104R. Hapo 106 ni kilo 950 likiwa peke yake, na 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili pamoja. Janti ileile, kimo kilekile, ukiyasimamisha yamefanana kama pacha. Fanya hesabu: manne ya kwanza yanabeba tani 2.84 kwa jumla. Hiace yenyewe, abiria waliobanana kama unavyojua, magunia ya makaa juu na mama aliye na mabidoni ya mafuta nyuma, inavuka tani 3 bila taabu, tena uzito mwingi unaangukia nyuma. Ulivalisha basi viatu vya teksi. Hata kama yangeandikwa Michelin kwa wino wa dhahabu, yangepasuka.

Ninajuaje kwamba si jiwe? Kwa tairi moja ni jiwe, kwa lingine si jiwe. Lile la kushoto lina mkato unaoingia kutoka nje, kama herufi L, na nyuzi zimekatika safi. Hilo lilikutana na lava. Lile la kulia lina mstari unaozunguka ubavu wote, na ukimwomba kwado alifungue utakuta ndani unga mweusi kama makaa yaliyosagwa. Huo unga ni mpira wenyewe uliojisaga kwa sababu ubavu ulikuwa ukikunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, chini ya mzigo mkubwa na upepo mdogo, mpaka ukapikika. Kuna na kifo cha tatu ambacho hukukionyesha: uvimbe kama yai ubavuni. Huo ni nyuzi zilizokatika ndani baada ya kugonga shimo. Dereva akikuonyesha yai, gari lisirudi barabarani na tairi hilo.

Kwa Hiace basi, masharti yangu ni haya kabla ya jina lolote: herufi C, namba 106/104 au zaidi, na 8PR ikiwa imeandikwa. PR ni ngazi ya nguvu ya kitambaa cha ndani. Zamani ilikuwa hesabu ya matabaka halisi ya pamba, siku hizi ni kipimo tu. Ukishayapata hayo, ndipo tuzungumze chapa, na hapo nitakushangaza: usinunue ya juu kabisa.

Sababu ni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, tairi la dola 80 linaweza kwenda kilomita 20,000 na la dola 160 linaweza kwenda 50,000. La kwanza linakugharimu dola 4 kwa kila kilomita 1,000, la pili dola 3.20. La ghali limeshinda, na ndivyo anavyokuambia muuzaji. Lakini ukikatwa na jiwe kwenye kilomita 8,000, la kwanza limekula dola 10 kwa kila kilomita 1,000 na la pili 20. Prado inayokwenda safari ndefu ina nafasi ya kufika mwisho wa meno yake. Hiace inayoingia vichochoro vya Ndosho mara kumi kwa siku haina hiyo nafasi. Kwa hiyo Hiace ipewe chapa ya katikati: Hankook au Kumho za Korea, Apollo ya India, Maxxis ya Taiwan. Pesa iliyobaki nunua kipimo cha upepo umkabidhi dereva.

Na za China? Hapa huwa nagombana na wazee wenzangu. «Kichina» si chapa. Triangle, Linglong, Double Coin, Westlake na Sailun ni kampuni kubwa zinazouza mpaka Ulaya, na baadhi zina viwanda nje ya China. Linglong inatengeneza Thailand na Serbia, Sailun inatengeneza Vietnam. Ukipata mojawapo katika muundo wa C wenye 106/104, kwa Hiace ya mjini mimi sina neno. Halafu kuna majina mengine ambayo mfanyabiashara huagiza kiwandani yakiwa na jina alilolibuni mwenyewe, yanauzwa miaka miwili, jina linakufa na jina jipya linazaliwa kwenye kalibu ileile. Hayo ndiyo yaliyochafua wote. Kipimo changu ni rahisi: nikikutana na jina hilohilo kwenye matairi ya umri tofauti katika yadi za mji, mapya, ya miaka mitatu, ya miaka sita, basi kuna mtu nyuma yake. Jina ambalo silioni isipokuwa likiwa jipya, nalipita.

Wala usiamini sana kwamba jina kubwa linakuambia mwenye nalo. Firestone ni mali ya Bridgestone tangu 1988. Pirelli ya Italia ilinunuliwa na ChemChina, kampuni ya serikali ya China, mwaka 2015. Wazee wa hapa wanakumbuka matairi ya Nairobi, Firestone na baadaye Yana, na yale ya General Tyre ya Arusha. Kiwanda cha Nairobi kilifungwa 2016, na cha Arusha kilikuwa kimenyamaza kabla yake. Tangu hapo karibu kila tairi jipya unaloliona Birere limevuka bahari, likashuka Mombasa au Dar es Salaam, likapanda lori mpaka hapa. Ndiyo maana umri wake ni jambo la kuulizwa, nitalirudia.

Kijana wa moto ana akili, mwambie nimesema. Si kwamba Muhindi ana siri. Ni kwamba TVS yenyewe na Boxer zimetengenezwa India, na MRF, CEAT na TVS Eurogrip hutengeneza matairi kwa pikipiki hizohizo, kwa barabara zisizo na huruma na mizigo isiyo na haya. Wamejifunzia nyumbani. Moto nyingi za hapa huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Tazama tena namba ya mzigo ya lile la nyuma: mara nyingi ni 50, maana yake kilo 190. Pikipiki yenyewe ina zaidi ya kilo 100, weka kijana wako, weka abiria wawili, weka na mfuko wa unga mapajani mwa wa mwisho. Sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Tairi la nyuma limekwisha kuzidiwa kabla hajatoka Katindo. Kwa hiyo nyuma anunue lenye 6PR na namba kubwa kuliko zote atakazozipata kwa saizi yake, hata kama la mbele atachukua la bei ndogo. Na mpira wa ndani asiufanyie ubahili: ule wa butili, mpira wa kiwandani, unashika upepo kwa wiki nyingi, ule wa mpira wa kawaida wa miti unavuja kidogo kidogo hata bila tundu, na moto isiyojazwa vizuri inaua tairi zuri ndani ya msimu mmoja.

Kwa kuwa nimetaja mpira wa kawaida: tairi la lori lina mpira mwingi wa miti, tairi la gari dogo lina mpira mwingi wa kiwandani, kwa sababu ule wa miti unastahimili kuchanika na joto la mzigo. Mtu mmoja huko Belfast, John Boyd Dunlop, alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888, na haikupita miaka mingi njaa ya mpira ikawafikia babu zetu katika Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Wengine walilipa kwa mikono yao iliyokatwa. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoona kijana anatupa tairi ambalo lingezibika.

Habari ya malori hukuniuliza, lakini kama una ndugu mwenye lori la Fuso, mwambie mambo mawili tu. Yale mawili yanayofungwa bega kwa bega nyuma yawe ya kimo kimoja, kwa sababu kubwa ndilo litakalobeba mzigo wa ndugu yake. Na dereva apite na nyundo jioni kutoa mawe yaliyonasa katikati yao, maana jiwe moja likilala pale usiku linaamka limetafuna mbavu mbili. Akichonga meno upya kwa kwado, iwe tu kwenye tairi lililoandikwa REGROOVABLE. La gari dogo lililochongwa ni mauaji, na Birere yapo, yamepakwa rangi nyeusi yakang'aa kama kiatu cha harusi. Pitisha ukucha ndani ya mfereji: mfereji wa kiwandani ni laini na una vijivimbe vya alama ya kuisha, vya milimita 1.6. Wa kisu una makovu, na chini yake wakati mwingine utaona uzi.

Marafiki wengine watakuletea tairi lenye namba TREADWEAR 400 au 500 wakisema ndilo litakalodumu zaidi kuliko la 300. Namba hiyo ni utaratibu wa Marekani, inapimwa kwa kulinganisha na tairi la mfano linalopewa 100, na kampuni yenyewe ndiyo inayojiandikia. Inafaa kulinganisha matairi mawili ya kampuni moja. Kati ya kampuni mbili ni kama kulinganisha alama za watoto wa shule mbili ambao kila mmoja amesahihishiwa na baba yake. Tena inapimwa barabarani Texas, hakuna lava.

Upepo. Ningeandika hili kwanza, lakini watu wakiona neno hilo mwanzoni wanaacha kusoma. Kwado zetu wengi wana kipimo kimoja kilichokwisha kuanguka mara mia, na desturi ni «weka kilo 3» kwa kila kitu. Hiyo kilo wanayosema ni sawa karibu na bari moja. Fungua mlango wa dereva wa Hiace, upande wa kulia kwa gari la Japani, utakuta kibandiko cha maandishi yasiyosomeka, lakini tarakimu zinasomeka: 200 au 240 au 300 na kitu, mbele ya herufi kPa. Gawa kwa 100, ndiyo hiyo kilo. Pima asubuhi gari halijatembea, kwa sababu tairi lililochemka linaongeza karibu sehemu ya kumi ya kilo kwa kila nyuzi 10 za joto, na ukitoa upepo wakati lina moto, usiku litakuwa na njaa. Ukijaza kupita kiasi kwa kuogopa mzigo, tairi linakuwa gumu kama ngoma, haliwezi kulikumbatia jiwe, na jiwe linaingia. Hilo la kuzidisha ndilo kosa la madereva wa teksi, la kupunguza ndilo kosa la mabasi. Sijui kwa nini wamegawana hivyo.

Na dereva wako asikubali tundu la ubavuni kuzibwa kwa meshi, ule uzi wa kuzibia, wala mkato kushonwa kisha kuwekewa mpira wa ndani. Meshi ni ya uso wa tairi peke yake. Kila kilomita 10,000 hivi abadilishane ya mbele na ya nyuma, na baada ya shimo kubwa apime paralelisime, yaani unyoofu wa magurudumu. Ukinunua mawili tu, mazuri yaende nyuma, hata kama kila mtu gerejini atakuambia mbele. Nyuma ikiteleza kwenye kona, dereva wa kawaida hawezi kuirudisha.

Nimebakiza spea yako. Zile tarakimu nne ndani ya kiduara, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, ni tarehe ya kuzaliwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1811 ni wiki ya 18 ya mwaka 2011, kama Mei. Haijagusa barabara, ni kweli, na meno yake yote yapo. Lakini mpira hauhitaji barabara ili uzeeke, jua na hewa vinatosha, na hiyo imening'inia mlangoni nyuma ikila jua la Himbi miaka yote. Michelin kwa matairi yake inasema baada ya miaka 5 ya kutumika yakaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 tangu kutengenezwa yatolewe, hata yawe yanaonekana mazuri namna gani, spea pia. Katika picha naona nyufa nyembamba kama nywele karibu na janti. Hiyo isimpeleke bwana yako hata Sake. Unaponunua manne, nunua matano, na yote dai yawe chini ya miaka miwili kwa hizo tarakimu. Muuzaji atakasirika. Mwache akasirike.

Ya zamani usimuuzie mtu wa gari. Mpelekee anayetengeneza chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ataikata vipande avalishe magurudumu yake ya mbao. Atalalamika kuhusu waya za chuma, wanapenda zaidi yale ya zamani yasiyo na waya, na atakupa bei ya soda mbili. Chukua.